Setilaiti zilivyoshuhudia miji ikimeza mashamba

MTU aliyepita Kitengela mwanzoni mwa miaka ya 1990 kisha akarejea huko leo hana budi kujiuliza iwapo hajapotea njia. Palipokuwa na nyasi, mifugo ya Wamaasai na makundi ya nyumbu sasa pana maduka, vituo vya mafuta, shule za kibinafsi na nyumba za mawe zilizopangana hadi upeo wa macho. Hali ni iyo hiyo Ruiru, Juja, Syokimau na Ongata Rongai.

Wazee wa maeneo hayo husimulia mageuzi hayo kwa kumbukumbu zao. Hata hivyo, kumbukumbu hufifia, na kila msimulizi hukumbuka upande wake. Aliyeuza shamba ana yake, aliyenunua ploti ana yake, na afisa wa ardhi naye ana yake.

Yupo shahidi mwingine asiyekuwa na shamba la kuuza wala nyumba ya kukodisha. Tangu mwaka wa 1972, setilaiti zimekuwa zikizunguka dunia na kupiga picha za nchi kavu, ikiwemo Kenya. Picha hizo zimehifadhiwa, na nyingi kati yake hutolewa bila malipo kwa yeyote anayezihitaji. Ndani yake mna historia ya jinsi Nairobi ilivyotambaa kutoka katikati ya jiji hadi kwenye mashamba ya kahawa ya Kiambu na nyika za Kajiado na Machakos.

Makala haya yanaeleza jinsi ushahidi huo unavyokusanywa, unavyosomwa, unachoweza kuthibitisha na mahali unapogota. Jambo moja lafaa kushikwa tangu mwanzo: setilaiti huona, lakini haizuii. Faida ya macho yake inategemea ni nani anayezitazama picha hizo na ni lini anazitazama.

Jinsi setilaiti inavyoona

Utambuzi kutoka mbali, kama wataalamu wanavyouita, ni taaluma ya kukusanya habari kuhusu kitu bila ya kukigusa. Jicho la binadamu hufanya kazi hiyo kila siku. Tofauti ni kwamba jicho huona sehemu ndogo tu ya mwanga, kuanzia zambarau hadi nyekundu, ilhali vihisi vilivyomo katika setilaiti hupima pia mwanga usioonekana na binadamu, hasa ule wa infraredi.

Sehemu hiyo isiyoonekana ndiyo yenye siri kubwa. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini huakisi kwa wingi infraredi iliyo jirani na mwanga huo. Lami, saruji, mabati na udongo mkavu havina tabia hiyo. Kwa hivyo, akilinganisha mikanda hiyo miwili ya mwanga, mtaalamu hutambua palipo na mimea hai na pasipo na mimea.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Huchukuliwa kiasi cha infraredi kilichoakisiwa, kikatolewa kiasi cha mwanga mwekundu, kisha jibu likagawanywa kwa jumla ya viwili hivyo. Mathalani, tuseme shamba la kahawa lililostawi linaakisi asilimia 40 ya infraredi na asilimia 5 ya mwanga mwekundu. Arubaini kutoa tano ni 35, na arubaini kujumlisha tano ni 45. Ukigawanya 35 kwa 45 unapata takribani 0.78. Uwanja uliotiwa lami ukiakisi asilimia 20 ya infraredi na asilimia 18 ya mwanga mwekundu, jibu ni takribani 0.05 tu. Iwapo mahali fulani palikuwa na 0.78 mwaka mmoja na miaka michache baadaye pakawa na 0.05, basi hapana shaka kuna jambo lililotendeka hapo.

Mnamo 2003, watafiti waliochunguza mji wa Nanjing nchini China walipendekeza kielezo kingine, cha kutambua majengo. Hicho hulinganisha infraredi iliyo karibu na ile ya mawimbi marefu zaidi, kwa kuwa maeneo yaliyojengwa huakisi zaidi hiyo ya pili. Vielezo hivi viwili vikitumiwa pamoja, mji hujitenga na shamba katika picha.

Zipo pia setilaiti za rada. Hizi hazitegemei jua. Hutuma mawimbi yake zenyewe na kupima yanayorudi, nazo huona usiku na hata kupitia mawingu. Kuta za nyumba hurudisha mawimbi hayo kwa nguvu, jambo linalofanya mitaa ing'ae katika picha za rada.

Miaka zaidi ya 50 ya picha

Setilaiti ya kwanza katika mfululizo wa Landsat wa Marekani ilirushwa Julai 23, 1972. Landsat 5, iliyorushwa Machi 1984, ilidumu kazini kwa karibu miaka 29 na kuvunja rekodi ya setilaiti zote za kuchunguza ardhi. Landsat 7 ilifuata mwaka wa 1999, Landsat 8 ikaja 2013 na Landsat 9 mwaka wa 2021. Hizi mbili za mwisho, zikiwa umbali wa kilomita 705 kutoka ardhini, kwa pamoja hupita juu ya kila mahali baada ya siku nane. Hapa Nairobi hupita takribani saa nne na nusu asubuhi.

Bara la Ulaya nalo lilirusha setilaiti ya kwanza ya Sentinel-2 Juni 2015 na ya pili Machi 2017. Mpango huo umewezesha eneo lile lile kupigwa picha kila baada ya siku tano. Sentinel-1, ambayo ni ya rada, ilianza safari Aprili 2014.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilihusu bei. Zamani picha moja ya Landsat iliuzwa kwa mamia ya dola, na kuna wakati iligharimu maelfu. Watafiti wa Afrika waliokuwa na fedha kidogo walilazimika kuchagua picha mbili au tatu kwa kipindi cha miaka 20. Mnamo 2008, Marekani ilitangaza kwamba ghala lote la picha hizo litafunguliwa bila malipo. Kuanzia hapo, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kompyuta na intaneti akawa na uwezo ambao hapo awali ulikuwa wa mashirika makubwa pekee.

Kenya si mgeni katika masuala haya. Setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika bahari karibu na Malindi, mnamo Desemba 12, 1970, ingawa kazi yake ilikuwa kuchunguza miali ya anga za mbali wala si ardhi. Mwaka wa 1975, kituo cha kanda cha uchoraji ramani za rasilimali, RCMRD, kilianzishwa Nairobi ili kuhudumia mataifa ya eneo hili. Mwaka uliofuata serikali iliunda kitengo cha kuchunguza nyika na wanyamapori kwa kutumia ndege ndogo, na kitengo hicho ndicho kilichokuja kuwa idara ya uchunguzi wa rasilimali na utambuzi kutoka mbali. Mnamo Aprili 15, 2023, Kenya ilipata setilaiti yake ya kwanza ya kutazama ardhi, Taifa-1, iliyorushwa kutoka California.

Ploti yako ndani ya picha

Picha ya setilaiti imeundwa kwa vipande vidogo vya mraba viitwavyo pikseli. Kila pikseli ina jibu moja tu. Vitu vyote vilivyomo ndani yake, iwe ni nyumba, mti, njia au ua, huchanganywa na kuwa rangi moja.

Wakenya wengi wanaijua ploti ya futi 50 kwa 100. Ukubwa wake ni takribani mita mraba 465. Pikseli ya Landsat tangu 1984 ni mita 30 kwa mita 30, yaani mita mraba 900. Hii ina maana kwamba pikseli moja humeza karibu ploti mbili nzima. Picha za Landsat za miaka ya 1970 zilikuwa na pikseli za takribani mita 80 kila upande, zenye kutoshea ploti 13 au 14. Pikseli ya Sentinel-2 ya mita 10 ina mita mraba 100, hivyo ploti moja hupata pikseli nne au tano.

Hesabu hiyo si ya kufurahisha macho tu. Mtu akijenga nyumba moja ndogo katikati ya shamba la mahindi, Landsat huenda isione chochote. Mtaa wa nyumba 200 ukichipuka hapo, hauwezi kujificha. Ndiyo maana picha hizi zinafaa sana kuonyesha mwelekeo wa mji mzima, lakini hazifai kuamulia ugomvi wa mpaka baina ya majirani wawili.

Kwa kazi ya aina hiyo huhitajika picha zenye uangavu mkubwa zaidi. Tangu 1999, ilipofika setilaiti ya kibiashara ya IKONOS, imewezekana kuona vitu vyenye ukubwa wa mita moja. Zilizofuata zimepita kiwango hicho na kuona vitu vya chini ya nusu mita, kiasi cha kuhesabu paa moja moja. Picha za namna hiyo huuzwa, na eneo kubwa hugharimu fedha nyingi.

Kutoka picha hadi ramani

Picha pekee haitoshi. Ili kupata ramani ya mabadiliko, mtaalamu hupitia hatua kadhaa. Kwanza huchagua picha za miaka tofauti zilizopigwa katika msimu ule ule. Kulinganisha picha ya Mei, mvua zikiwa zimestawisha kila kitu, na ya Februari wakati wa kiangazi, ni sawa na kulinganisha mtu aliyeshiba na mwenye njaa kisha ukadai amekonda.

Pili, huzirekebisha picha hizo ili zilingane pikseli kwa pikseli na ili moshi na unyevu wa hewani visipotoshe vipimo. Tatu, huifundisha kompyuta. Huionyesha sampuli za maeneo anayoyajua: huu ni msitu, hili ni shamba, huu ni mtaa, haya ni maji. Programu huzitumia sampuli hizo kuamua kila pikseli nyingine ni ya kundi gani.

Hatua ya nne ndiyo inayotofautisha kazi makini na ya ovyo, nayo ni kwenda kutazama. Mtafiti huchagua mahali pengi bila upendeleo, akafika huko kwa miguu au gari, au akatumia picha zenye uangavu mkubwa, na kulinganisha alichokiona na ilichosema ramani. Matokeo huandikwa katika jedwali linaloonyesha makosa yalitokea wapi.

Msomaji wa ripoti yoyote ya aina hii anafaa kutafuta jedwali hilo kabla ya kuamini takwimu. Tuseme ramani ya mwaka wa 2000 ina usahihi wa asilimia 90 na ya 2020 pia asilimia 90. Iwapo makosa ya ramani hizo mbili hayahusiani, ramani ya mabadiliko itakayotokana nazo itakuwa na usahihi wa takribani asilimia 81 tu, kwa sababu makosa ya zote mbili hukutana. Anayedai kwamba mji umepanuka kwa asilimia tatu kwa kutegemea ramani kama hizo anadai asichoweza kukithibitisha.

Picha zinavyosema kuhusu Nairobi

Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka wa 1899. Sensa ya 1979 ilihesabu watu 827,775 jijini. Kufikia 1999 walikuwa 2,143,254, na sensa ya 2019 ilipata watu 4,397,073. Kwa kipindi hicho chote, mpaka wa jiji umebaki karibu pale pale ulipowekwa mwaka wa 1963, ukizingira takribani kilomita mraba 700, ambapo 117 kati yake ni mbuga ya wanyama.

Utafiti wa Charles Mundia na Masamu Aniya, uliochapishwa mwaka wa 2005, ulilinganisha picha za Landsat za 1976, 1988 na 2000. Ulibaini kwamba eneo lililojengwa lilikuwa limeongezeka kwa takribani kilomita mraba 47, ambazo ni zaidi ya ekari 11,000. Ulionyesha pia umbo la ongezeko hilo. Majengo yalijishikiza kwenye kingo za mitaa iliyokuwepo, na pia yakafuata barabara kuu kama siafu wanavyofuata njia. Kadiri majengo yalivyoongezeka ndivyo mimea ya asili ilivyopungua.

Picha za miaka iliyofuata zinaonyesha kwamba ukuaji ulivuka mpaka wa jiji. Barabara Kuu ya Thika ilifunguliwa Novemba 2012 baada ya kupanuliwa, na kandokando yake miji ya Ruiru na Juja imeshonana na Nairobi. Sensa ya 2019 ilipata karibu watu 490,000 Ruiru pekee. Upande wa kusini, Kitengela ilikuwa na zaidi ya watu 150,000. Kaunti ya Kajiado iliongezeka kutoka watu 687,312 mwaka wa 2009 hadi 1,117,840 mwaka wa 2019.

Hapa ndipo picha hizi zinapofunza jambo ambalo ramani za kiserikali hulificha. Setilaiti haijui mpaka wa kaunti. Katika picha, Nairobi ni mji mmoja uliosambaa juu ya kaunti nne. Ardhini, mji huo mmoja una serikali nne, idara nne za mipango na bajeti nne. Mtaa unaoidhinishwa na kaunti moja humwaga maji yake ya mvua kwenye mto wa kaunti nyingine.

Kilichopotea, na kilicho hatarini

Hasara ya kwanza ni mashamba. Udongo mwekundu wa Kiambu ni miongoni mwa udongo bora zaidi nchini, na kwa miongo mingi ulizalisha kahawa iliyoletea taifa fedha za kigeni. Mji mpya wa Tatu City unajengwa palipokuwa na mashamba makubwa ya kahawa. Mashamba mengine madogo yamekatwakatwa ploti moja baada ya nyingine. Haki inataka isemwe kwamba wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuvunjwa moyo na bei duni na malipo ya kuchelewa kabla ya wanunuzi wa ardhi kubisha hodi. Picha huonyesha mibuni ikitoweka lakini haimwonyeshi mkulima akikosa karo ya shule.

Ya pili ni njia za wanyama. Mbuga ya Nairobi imezungushwa ua kaskazini, mashariki na magharibi, lakini kusini iko wazi ili wanyama wavuke Mto Mbagathi kuelekea nyanda za Athi na Kapiti wakati wa mvua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa na kila familia ikapata kipande chake. Eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje lililoanzishwa Athi River mwaka wa 1990 lilivuta wafanyakazi waliohitaji makao. Ua zikajengwa, barabara zikachongwa, na nyumbu waliokuwa makumi ya maelfu katika nyanda hizo miaka ya 1970 wakabaki elfu chache, kwa mujibu wa hesabu zilizofanywa kwa ndege.

Kuanzia mwaka wa 2000, mashirika ya uhifadhi yalijaribu kuwalipa wenye mashamba dola nne kwa ekari kila mwaka ili wasijenge ua wala kuuza. Familia kadhaa zilikubali na fedha hizo zikalipia karo. Hata hivyo, dola nne kwa mwaka si kitu mbele ya bei ambayo mnunuzi wa ploti yuko tayari kutoa. Picha za setilaiti zilikuwa zikionyesha njia hiyo ikizibwa mwaka baada ya mwaka.

Ya tatu inahusu uhai wa binadamu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba moja huwa ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50 juu ya ploti ya futi 50 kwa 100 ni zaidi ya lita 23,000. Nyasi na udongo hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Mabati, saruji na lami hazinywi. Sasa zidisha lita hizo kwa maelfu ya ploti zilizojengwa katika mabonde ya mito Nairobi, Ngong' na Mathare, na msomaji ataelewa kwa nini mito iliyokuwa ikipanda polepole siku hizi hufurika ghafla.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 kote nchini. Jijini Nairobi, wakazi wa Mathare na Mukuru walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Serikali iliamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mitoni wahame, na matingatinga yakabomoa nyumba za watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kupoteza vyombo vyao kwa maji. Nyumba hizo hazikuchipuka usiku mmoja. Kwa miaka mingi zilionekana katika picha, paa moja baada ya jingine, zikisogea ukingoni.

Mipaka ya jicho la angani

Pamoja na sifa hizi zote, teknolojia hii ina mapungufu ambayo mtumiaji mwaminifu hana budi kuyakiri.

Kwanza ni mawingu. Kati ya Juni na Agosti anga ya Nairobi hufunikwa mara kwa mara na picha za kawaida hutoka nyeupe. Isitoshe, picha za miaka ya 1980 na 1990 kuhusu eneo hili ni chache, kwa sababu Landsat ya wakati huo ilitegemea vituo vya ardhini kupokea picha zake. Aidha, Landsat 7 ilipata hitilafu Mei 2003 na tangu hapo picha zake zikawa na mistari mitupu.

Pili ni udanganyifu wa rangi. Ardhi tupu ya Kajiado wakati wa ukame hufanana na mtaa uliojengwa, na machimbo ya mawe pia. Kompyuta isiyosimamiwa vyema itatangaza mji mahali ambapo pana vumbi tu.

Tatu, setilaiti huona paa, haioni ghorofa. Kilimani, nyumba ya familia moja ikibomolewa na kujengwa jumba la ghorofa 15, picha ya kawaida huenda isionyeshe badiliko kubwa ilhali mahitaji ya maji taka yameongezeka maradufu mara kadhaa. Vivyo hivyo Pipeline mtaani Embakasi, ambako majengo yamebanana na kurefuka kuelekea juu.

Nne ni kiasi cha undani. Kanuni za maji za mwaka wa 2007 ziliweka ukanda wa ukingo wa mto kuwa kati ya mita 6 na mita 30. Mita 6 ni pungufu ya pikseli moja ya Sentinel. Anayetaka kuthibitisha kwamba nyumba imeingia ndani ya ukanda huo kwa picha za bure pekee atashindwa mahakamani, na astahili kushindwa.

La mwisho ni la haki. Picha haisemi ni nani mwenye ardhi, alimlipa nani, wala ni afisa gani aliyetia sahihi. Ramani inayoonyesha mtaa wa mabanda inaweza kutumiwa kupeleka maji na vyoo, na inaweza pia kutumiwa kupeleka matingatinga. Maskini huonekana upesi zaidi kutoka angani kwa kuwa nyumba zao zimesongamana, ilhali ukuta wa tajiri uliomega ukingo wa mto hujificha chini ya miti.

Kuzisoma picha mapema

Umoja wa Mataifa, katika malengo ya maendeleo ya mwaka wa 2015, uliweka kipimo kinacholinganisha kasi ya mji kula ardhi na kasi ya watu kuongezeka. Iwapo eneo lililojengwa linapanuka kwa asilimia 5 kwa mwaka na watu wanaongezeka kwa asilimia 2.5, uwiano ni 2, kumaanisha kwamba mji unatapanya ardhi. Shirika linalosimamia kipimo hicho, UN-Habitat, lina makao yake Gigiri, Nairobi. Kaunti zetu hazihitaji kusafiri mbali kutafuta ushauri.

Kaunti inayotazama picha mpya kila baada ya miezi mitatu inaweza kuona barabara ya murram ikichongwa katika bonde la mto kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa. Wakati huo kumzuia mwenye kugawanya shamba huhitaji barua na ziara moja ya afisa. Baada ya miaka mitano huhitaji polisi, kesi na fidia, na anayeumia si aliyeuza bali aliyenunua kwa mkopo wa chama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwananchi wa kawaida naye ana nafasi yake. Programu ya Google Earth humruhusu mtu kurudi nyuma na kutazama picha za zamani za mahali anapotaka. Kabla ya kulipia ploti, mnunuzi anaweza kutazama eneo hilo katika miaka tofauti, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Mstari mweusi unaopinda na kurudi kila masika huenda ni mkondo wa maji ambao wakala hakuutaja. Rangi ya kijani inayobaki Februari wakati kila kitu kimekauka huenda ni chemchemi au kinamasi. Hayo hayachukui nafasi ya upekuzi rasmi wa hati, ramani ya mpimaji na kufika mwenyewe penye ardhi, lakini humpa mnunuzi maswali ya kuuliza.

Katika picha yoyote ya Nairobi ya miaka ya hivi karibuni, kaskazini mwa katikati ya jiji huonekana doa kubwa la kijani lililozingirwa na majengo pande zote. Huo ni msitu wa Karura, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu huo zilikuwa zimegawiwa wastawishaji na miti ilikwisha kuanza kukatwa. Setilaiti zilipita juu yake wakati huo kama zinavyopita sasa. Zilinakili yote na hazikusema neno.

Walioongea ni Wangari Maathai na wenzake, wakisaidiwa na wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao waliingia msituni kupanda miche na wakapigwa kwa sababu hiyo mnamo Januari 1999. Doa lile la kijani lingali pichani kwa sababu ya miguu yao. Picha za kesho za Kitengela, Ruiru na kingo za Mathare zitategemea vivyo hivyo iwapo kuna watakaoziona za leo na kuondoka kwenye viti vyao.